Kijana wa Makao ya Watoto Asiachwe Njiani



Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inatamka kwamba mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Sheria haina budi kuweka mpaka. Lakini utu uzima haumfikii kijana kwa usiku mmoja. Mwenye wazazi akitimiza miaka 18 hubaki na kitanda chake, sahani yake, na mtu wa kumwuliza alikochelewa. Aliyelelewa katika makao ya watoto, akitimiza umri huohuo, huenda akatakiwa kumpisha mtoto mwingine. Faili lake hufungwa. Huko nje humkuta mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwajiri anayetaka mdhamini. Kijana huyo hana kodi wala mdhamini.

Wapo wasemao kwamba kumsaidia mtu mzima ni kumlemaza, na kwamba Taifa linalohimiza kujitegemea haliwezi kulea uvivu. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, ila imesahau kwamba kujitegemea hufundishwa, na kila fundisho lina mahali pake na muda wake.

Wanyakyusa wa Rungwe walilijua jambo hilo zamani. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyoanza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Walilala huko pamoja na marika wao, lakini waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao. Miaka mingi ilipita kabla ya kuoa na kupata mashamba yao wenyewe. Hapana aliyewaita wavivu.

Makazi ya mpito kwa vijana yanafuata busara hiyohiyo. Kijana hupewa chumba na ufunguo wake. Hujipikia, hufua, hupanga matumizi yake. Mlezi hamwamuru, bali humtembelea na kumshauri, hasa pale kazi inapokatika au maradhi yanapoingia. Mwanzoni kijana huchangia kodi kidogo. Kipato kikikua, mchango nao hukua, hadi siku atakapohamia kwake akiwa amekwisha kuzoea mzigo huo.

Mataifa mengine yameliingiza jambo hili katika sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, iliziwajibisha halmashauri kumpatia kijana anayetoka katika malezi mshauri wake na mpango wa maandishi. Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 inaruhusu kijana anayesoma abakishwe katika malezi hadi miaka 21. Nayo miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inataka matayarisho yaanze mapema, kabla kijana hajaondoka.

Matayarisho hayo hayahitaji kungoja majengo mapya. Afisa ustawi wa jamii aweza kuhakikisha kwamba cheti cha kuzaliwa kimepatikana mapema, ili kijana akifika miaka 18 aombe kitambulisho cha Taifa bila kuzungushwa. Mwalimu aweza kumtafutia nafasi ya ufundi kabla ya mtihani wa mwisho, badala ya baada yake. Halmashauri yenye nyumba iliyokaa tupu yaweza kuifanya makazi ya vijana wanne au watano chini ya uangalizi. Na kabla faili halijafungwa, na liulizwe swali moja: kijana huyu atalala wapi usiku wa leo?

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kijana asiye na mama hakuchagua mwalimu huyo. Ni wajibu wa jamii kumfunza kabla ulimwengu haujamfikia.