Maji Hufuata Mkondo: Wajibu Wetu kwa Bonde la Msimbazi



Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Leo tujiulize: yakikuta mkondo wao umejengwa nyumba, yafuate nini?

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukakatiza Dar es Salaam hadi baharini penye Daraja la Selander. Bonde lake la chini, pale Jangwani, ni tambarare. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo na kuutua mchanga yaliouchukua huko juu. Na bahari ikijaa, hucheleweshwa kutoka. Basi bonde lile si ardhi iliyosahauliwa na wapimaji. Ni nyumba ya mto.

Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu wasiotimia laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano katika Mkoa wa Dar es Salaam. Palipokuwa na mashamba yaliyokunywa mvua, sasa pana mabati na lami. Mvua ile ile hufika mtoni kwa haraka na kwa wingi zaidi, huku mitaro ikiwa imeshiba taka.

Desemba 2011 tulilipia. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na maelfu walikosa makazi. Familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, lakini baadhi zilirudi bondeni. Tusiwaite wakaidi kabla ya kujiuliza: mama auzaye chakula Kariakoo ataishije huko, ikiwa nauli humaliza faida yake? Mpango unaohamisha kitanda na kuiacha riziki nyuma haujakamilika.

Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, saruji peke yake haitatuokoa. Mtaro usiozibuliwa kabla ya masika ni jalala la gharama kubwa.

Ndugu zangu, mafuriko huanzia mezani. Huanza pale ofisa anapogonga muhuri wa kibali juu ya mapito ya maji, na mwenzake akanyamaza. Mgonga muhuri hulala pakavu; anayesombwa ni mwingine.

Nanyi walimu, watembezeni watoto mtaani mwao, wafuatilie maji ya mvua: yanatoka wapi, yanapita wapi, na nini kimeyazuia. Mtoto aliyejifunza hayo hatageuza mtaro kuwa jalala. Na akiwa ofisa kesho, mkono wake utasita kabla ya kugonga muhuri.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika hayangoji vikao vyetu viishe. Basi na tuanze na mtaro ulio mbele ya ofisi zetu na shule zetu, kabla hatujamnyoshea kidole mkazi wa bondeni.