Kutoka Ofisi ya Askofu Hadi Ubingwa wa Dunia

(Hotuba iliyotolewa Mbinga, siku ya mkutano wa waliosoma shuleni hapa)



Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mwanafunzi mmoja aliulizwa anataka kuwa nani. Akajibu: dereva. Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona haya, kwa sababu kabla sijawa mwalimu nilikuwa utingo wa lori, na mtu aliyeniokoa roho yangu alikuwa dereva. Ndiyo maana nimeomba nafasi leo nizungumze juu ya Mjerumani mmoja, Walter Röhrl.

Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitumwa kutoka St. Ottilien, katika jimbo la Bavaria. Röhrl naye ni mtu wa Bavaria, mzaliwa wa Regensburg, mwaka 1947. Akiwa na miaka 16 aliajiriwa katika ofisi ya askofu wa mji huo, na baadaye akawa dereva wa ofisa aliyesimamia mali za kanisa. Kaka yake mkubwa alikufa kwa ajali ya gari. Mnaweza kufikiri nyumba ile ililipokeaje neno "mashindano", rafiki yake alipomshawishi ayaingie.

Mashindano hayo si ya kuzunguka uwanja. Ni ya barabara zile zile za watu, gari moja moja likiondoka kwa saa yake, na pembeni ya dereva ameketi mwenzake anayemsomea kona zinazokuja. Msomaji wa Röhrl alikuwa Christian Geistdörfer. Wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980 kwa gari la Fiat, na tena mwaka 1982 kwa Opel. Huko Monte Carlo, kwenye milima ya theluji, Röhrl alishinda mara nne, 1980, 1982, 1983 na 1984, na kila mara kwa gari la kiwanda kingine: Fiat, Opel, Lancia, Audi. Nani kati yetu huchukua baiskeli ya jirani na kuiendesha siku ya kwanza bila kuyumba?

Lakini Safari ya Afrika Mashariki ilimshinda. Mwaka 1982 alikuwa wa pili nyuma ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa akishinda kwa mara ya tano. Mwaka 1987 akawa wa pili tena, nyuma ya Hannu Mikkola wa Finland. Hakuishinda kamwe. Na bado Mjerumani mwingine, Edgar Herrmann, aliishinda mara mbili, 1970 na 1971, kwa magari ya Datsun, wakati Safari ilipokuwa ikipita na kwetu Tanzania. Herrmann alikuwa amefanya makazi yake Kenya. Tope la masika aliishi nalo. Mwenzake alilikuta Pasaka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Machi 1986, huko Ureno, watu walikuwa wamejaa barabarani, wengine wakishindana kuyagusa magari yakipita. Gari moja likaacha njia, likawaparamia. Watatu wakafa, wengi wakajeruhiwa. Madereva wa viwanda vikubwa, Röhrl akiwa mmoja wao, wakakutana hotelini wakatoa tamko kwamba hawaendelei. Wenye mashindano wakawaka, nao hawakurudi. Asiseme mtu kwamba Röhrl aliogopa: mwaka uliofuata, kule Marekani, aliupanda mlima Pikes Peak, kona 156 za vumbi, mwendo wa kilomita 20 hivi, kwa dakika 10 na sekunde 47.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwaka 1979, nilikuwa utingo. Masika moja tulikuwa tukishuka kwenda Mbamba Bay, abiria wameketi juu ya magunia ya mahindi. Ninyi mmeizoea lami; hamkuiona barabara ya siku zile. Kwenye kichwa cha mteremko dereva wetu alisimamisha gari, akashuka, akachoma tope kwa fimbo, akasema, "Leo tunalala hapa." Abiria wakamtukana. Mama mmoja alikuwa na mgonjwa ng'ambo ya Liuli, akalia. Mimi, na cheti changu kipya, nilimwambia mzee yule kwamba woga wake utatupotezea mchana kutwa. Hakunijibu. Punde likaja lori lingine, na abiria wetu watatu wakahamia huko.

Asubuhi tulilikuta bondeni, ubavu chini. Tuliwatoa watu. Wawili hawakuamka, na mmoja wao alikuwa ametoka kwetu jana yake. Dereva wangu hakusema neno juu ya maneno yangu. Alinipa jembe, akanionyesha mahali pa kuchimba mfereji ili maji yatoke njiani, tukachimba mpaka jua lilipokausha, ndipo tukashuka polepole.

Naona Ndugu Mwenyekiti anatazama saa. Nina ombi moja. Kijana yule wa mwaka jana, kama yumo humu, asimame, nimwombe radhi mbele yenu. Na wenye maswali juu ya magari wanifuate pale chini ya mwembe, maana harufu ya wali imeshatufikia.