Kifusi Alichokiacha Fundi

Someni polepole. Mkikuta neno gumu, simameni, mlitamke kwa sauti, kisha mwendelee.

Neno letu la leo ni KIFUSI. Ki-fu-si. Kifusi ni mabaki ya kazi ya ujenzi: vipande vya matofali, zege lililovunjika, udongo uliotoka katika msingi, mchanga uliochanganyika na takataka. Ninyi wa Kunduchi mnakijua sana kitu hiki. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill ki jirani tangu mwaka 1966, kokoto zimepondwa Mtongani miaka mingi, nyingi kwa nyundo za akina mama, na karibu kila mtaa una nyumba ambayo haijaisha.

Tuseme, mama, umempa fundi kazi ya kujenga chumba na choo. Amekuja na maneno matamu, amepokea kianzio, amechimba shimo la choo, amemwaga zege la msingi na kupanga kozi nne za matofali. Kisha akasema anakwenda msibani siku mbili. Sasa ni mwezi wa pili na simu yake haipatikani. Uani kwako pana lundo la kifusi, mifuko ya saruji iliyoganda, mbao zenye misumari, pipa la maji, na shimo wazi. Utafanya nini?

Kabla ya jambo lo lote, funika shimo. Lifunike leo hii, kwa mbao nzito au bati lililokandamizwa kwa mawe, maana mtoto hangojei mashauri ya wakubwa. Mwaga na maji ya pipa. Mbu aenezaye homa ya dengi huzaliana katika maji yaliyotulia, hata yakiwa masafi, na homa hiyo iliusumbua mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Vitu vingine usiviguse kwanza. Andika.

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokuwa na faida ya fedha. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe wake, na jirani mmoja asiye ndugu yako. Tembeeni pamoja, mhesabu, nawe uandike namna hii:

"Leo tarehe 4 Machi tumekuta katika kiwanja changu: lundo moja la kifusi, mifuko 3 ya saruji iliyoganda, mbao 22, toroli 1 bovu. Shimo la choo halikujengewa. Fundi amekwisha kupokea shilingi 400,000."

Chini ya maneno hayo kila mmoja atie sahihi yake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, si aibu. Kama una simu yenye kamera, piga na picha. Lakini picha haisemi fundi alipokea shilingi ngapi, karatasi inasema.

Mwandikie na fundi mwenyewe. Mweleze kazi iliyobaki, mtake aje kuondoa mabaki yake, na umtajie siku, tuseme siku 14. Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, nawe ubaki na nakala. Wako watakaokucheka kwamba unamwandikia mtu aliyekimbia. Waache wacheke. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mapatano haki ya kudai fidia, na mahakama ya mwanzo husikiliza madai ya fedha zitokanazo na mapatano. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano, ila ni kazi kuyathibitisha. Hakimu atakuuliza ulimpa lini, kiasi gani, na nani aliona. Ukiwa na karatasi utamjibu. Gharama ya kuondoa kifusi nayo iandike, maana ni sehemu ya hasara yako.

Kuhusu zile mbao 22, nenda taratibu. Mara nyingi mbao za kufungia zege si mali ya fundi, zimekodiwa. Ukizichoma kuni kwa hasira, mwenyewe atakuja kuzidai mlangoni kwako. Zipange pembeni na uulize kwa wakodishaji wa mbao. Vivyo hivyo chepe na toroli la fundi: vitunze, vimeandikwa, usiviuze kwa kujilipa.

Siku zikipita naye hakuja, anza kuchambua. Vaa viatu vigumu. Msumari wenye uchafu waweza kuleta pepopunda, na aliyechomwa aende zahanati siku ile ile, asingoje mguu uvimbe. Saruji ikilowa huunguza ngozi, basi usiikanyage kwa miguu mitupu. Kama kati ya mabaki kuna mabati ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu yanayovunjika kama kigae, usiyavunje wala kuyakata, maana vumbi lake huharibu mapafu. Yafunike, umwite bwana afya.

Utashangaa jinsi lundo linavyopungua. Mchanga ukichekechwa hurudi kazini. Vipande vya matofali na zege ni vyema kujazia chini ya sakafu kabla ya jamvi. Saruji iliyoganda nayo iponde uitie humo humo, lakini usidanganywe na mtu kuichanganya upya, haitashika tena. Nondo na misumari hununuliwa na watu wa vyuma chakavu. Udongo hujaza mashimo ya uani. Pengine jirani anayejenga anakitafuta kifusi hicho hicho. Muulize kabla hujakodi gari.

Kitakachobaki ndicho chenye matata. Wengi humwita mwenye mkokoteni jioni, wakampa shilingi elfu chache na kumwambia, "Peleka huko." Huko ni wapi? Mara nyingi ni korongoni. Masika yakifika, maji yanayoshuka kutafuta bahari yanakuta njia imezibwa, nayo huingia katika nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na imezipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu. Basi nenda ofisi ya kata, uulize taka za ujenzi zinapelekwa wapi na kwa gari la nani, kisha udai stakabadhi.

Tena watu wa Kunduchi wana sababu yao wenyewe ya kujua maana ya "peleka huko". Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kulizuia Jiji kutupa taka Tabata, katika kesi iliyofunguliwa na mkazi wa huko mwaka 1988. Jiji likatafuta mahali pengine, na mahali penyewe pakawa Kunduchi Mtongani. Malori yakaja na uvundo, moshi na nzi. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya mia saba wakaungana wakalishtaki Jiji. Mahakama iliona kwamba mpango wa mji wenyewe ulikuwa umepatenga mahali pale pawe pa kukaa watu, ikazuia taka zisitupwe hapo. Wale hawakuwa matajiri. Walikuwa majirani waliokubali kuandika majina yao katika karatasi moja. Mtu wa Mtongani anayemwaga kifusi chake nyuma ya ua wa mwenzake anamfanyia jirani jambo lile lile ambalo wazee wa mtaa huo walilipinga mahakamani.

Sasa neno la fedha, kwa ajili ya fundi ajaye. Usimpe zaidi ya kazi iliyoonekana. Tuseme ufundi wote ni shilingi 600,000. Kianzio 150,000. Msingi ukiisha, 150,000. Kuta zikifika juu, 150,000. Zilizobaki, 150,000, zikae mkononi mwako mpaka choo kimeisha na ua umefagiwa. Fundi mwema hatachukia. Atataka tu kujua kwamba fedha zipo. Anayetaka zote mapema, akikuapia kwa jina la mama yake, mpe maji ya kunywa na umwage kwa heshima.

Fungueni madaftari. Andikeni sentensi hii mara tatu, kwa herufi zinazosomeka: "Malipo ya mwisho yatatolewa fundi atakapokuwa ameondoa kifusi na mabaki yote katika kiwanja." Chini yake mwache nafasi ya sahihi mbili na ya shahidi mmoja. Kisha fanyeni hesabu hii: fundi alipatana shilingi 600,000, akapokea 400,000, akafanya nusu ya kazi, na mwenye nyumba akalipa 60,000 kuondoa kifusi. Fundi anadaiwa shilingi ngapi? Mleteni jibu darasani.