Dai Lililo Wazi



Kifungu cha 2A cha katiba kilipofutwa Desemba 1991, wapo waliodhani kazi imekwisha. Lakini akina mama wa wafungwa wa kisiasa hawakudhani hivyo. Mwaka 1992 waligoma kula katika Uhuru Park, wakapigwa, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Hawakuwa chama cha siasa. Walikuwa kikundi kidogo chenye dai moja lililo wazi: wana wao waachiliwe.

Nawauliza basi: dai la kikundi chetu ni lipi? Kulalamika kibarazani si dai. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Atakayeamka Julai atakuta fedha zimekwisha gawanywa. (Matangazo ya mikutano hiyo, mjue, hupenda kubandikwa pasipopita watu.)

Kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe wiki hii, na nakala yetu ipigwe muhuri wa mapokezi. Wengine wahesabu: bomba hutoa maji siku ngapi, zahanati imekosa dawa zipi. Orodha ya zamu iko kwa katibu, pale mlangoni. Wa zahanati wamepungua wawili.