Nani Anaweza Kuivunja Serikali ya Chini? Ugawaji wa Madaraka Kenya na Tanzania

Mada kwa semina ya madiwani na watendaji wa kata



Vitabu vya uraia hutufundisha kwamba kuna nchi za shirikisho, kama Nigeria na Ujerumani, na kuna zile zinazoendeshwa na serikali kuu moja, kama Ufaransa. Ni kweli, lakini mafundisho hayo hayamsaidii sana diwani anayetaka kujua madaraka yake yanaishia wapi. Mimi huuliza hivi: nani anaweza kuivunja serikali ya chini, na kabla ya kuivunja analazimika kupitia wapi?

Tuanze kwa jirani. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuorodhesha kazi za kila ngazi. Huko Makueni, gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi walivutana juu ya bajeti hadi Septemba 2014, vurugu zilipozuka kwenye bunge la kaunti mjini Wote, risasi zikafyatuliwa na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakakusanya saini wakitaka kaunti ivunjwe. Hapo ndipo katiba ilipoonekana ikifanya kazi. Ibara ya 192 haimruhusu Rais, katika mgogoro wa aina ile, kutangaza tu kwamba kaunti imesimamishwa. Kwanza tume huru ichunguze, kisha Rais aridhike na madai, kisha Seneti iridhie. Na kusimamishwa kwenyewe hakuzidi siku 90, uchaguzi unafuata. Tume iliundwa, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha Kibwana.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Hoja ya kuivunja haikuwa nyepesi: kata na wakazi vilikuwa tayari chini ya manispaa tano, na halmashauri ya jiji ilikaa juu yao ikirudia kazi zao. Lakini tazameni njia iliyopitiwa. Sheria haikudai kura ya Bunge wala ya wakazi. Na haikuwa mara ya kwanza: halmashauri hiyohiyo ilivunjwa 1996, jiji likaendeshwa na Tume hadi 2000. Kabla ya hapo, 1972, serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, na zile za wilaya zikasubiri sheria za 1982 ndipo zirudi.

Chanzo ni kimoja. Ibara za 145 na 146 za Katiba yetu zinazitambua serikali za mitaa, ila madaraka yenyewe zimeyaachia sheria za Bunge. Kilichotolewa kwa sheria ya kawaida huchukuliwa kwa sheria ya kawaida. Zanzibar haiko hivyo: kugusa orodha ya mambo ya Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa kila upande. Hakuna halmashauri yenye kinga ya namna hiyo.

Tena si lazima uvunjwe ndipo upungukiwe. Barabara za halmashauri zilikwenda kwa wakala wa serikali kuu, TARURA, mwaka 2017, maji vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, 2019. Kodi ya majengo, tangu 2021, inakatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Ukusanyaji umerahisishwa, sibishi. Lakini mtaro ukiziba mbele ya nyumba hiyohiyo, anayefuatwa ni diwani, na kodi ya nyumba ile haikuingia kwanza kwenye akaunti ya halmashauri yake.

Msinielewe kwamba Kenya wamefika. Katiba inazihakikishia kaunti zote kwa pamoja fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, lakini fedha huchelewa, na mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa walivutana kwa miezi juu ya mgawo huku kaunti zikisubiri. Tofauti ni kwamba ugomvi wao una mahali pa kuamuliwa.

Kwa hiyo naomba semina hii itoke na pendekezo moja kwa wabunge wetu: halmashauri isivunjwe bila uchunguzi huru, taarifa ya uchunguzi huo isomwe hadharani, na uchaguzi mpya ufanyike ndani ya muda uliotajwa na sheria.