Nani Aupime Mradi wa Afya ya Mtoto?

Kila shirika dogo linalofadhili huduma za watoto katika vijiji vya Kilimanjaro linapofikia mwisho wa mradi, hoja ile ile huibuka: atafutwe mtaalamu wa ng'ambo wa kujitolea afanye tathmini. Hana ndugu Kibosho wala rafiki Marangu, na kwa kuwa halipwi, hana sababu ya kupendelea. Wanaoitetea hoja hii wana nia njema, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa kina. Imejengwa juu ya dhana kwamba umbali huleta uhuru na kwamba asiyelipwa hadaiwi. Lakini mtu huyo huchaguliwa na shirika lenyewe, hulala katika nyumba yake ya wageni, huzungushwa kwa gari lake na hutafsiriwa na mfanyakazi wake. Mama aliyekuja kliniki na mtoto mgongoni, akiulizwa mbele ya mfanyakazi huyo kama alifundishwa vizuri namna ya kumlisha mwanawe, atajibu kwamba alifundishwa. Hawezi kumwaibisha mwenyeji mbele ya mgeni. Tena mtathmini hana mkataba wa kumlinda akiandika kwamba mradi umeshindwa. Akija Julai, likizo ya vyuo vya kwao, haioni masika, tope linapowazuia akina mama wa vijiji vya juu kufika zahanati.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote umetoka hapa hapa Moshi, nao unataka tukae nao kidogo. Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. 467 kati yao walikuwa watoto. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vilionyesha kwamba malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa 14 tu, asilimia 1.6. Miongoni mwa watoto walipatikana wenye chikungunya, wenye leptospirosisi na wenye bakteria katika damu. Mgeni wa wiki tatu anayesoma mafaili angehesabu dozi za dawa ya malaria na kuusifu mradi. Watafiti wale waliwaita wagonjwa tena wiki kadhaa baadaye watoe damu ya pili, kwa sababu baadhi ya magonjwa hayathibitiki mpaka sampuli mbili zilinganishwe. Ukweli ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyebaki kuipokea sampuli ya pili.

Nitaambiwa kwamba Duke nao ni wageni. Ni kweli, na sina ugomvi na mgeni anayekaa na kufanya kazi na wenyeji. Nitaambiwa pia kwamba mwenyeji akipewa kazi ya tathmini atamwogopa bosi wake. Hofu hiyo ipo, kwa hiyo atoke mkoa mwingine, alipwe, na haki yake ya kuchapisha matokeo iandikwe kabla ya kazi kuanza. Ujuzi wa mahali hauna mbadala. Mkakati wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja ulipotathminiwa kusini mwa nchi yetu, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na mkakati, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa nao. Vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mkakati. Hata hivyo, vyandarua vilitumika zaidi katika wilaya zisizo na mkakati. Asiyelijua hilo angeidhania faida kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Linabaki suala la fedha. Shirika lisiloweza kulipia tathmini ya maswali kumi liulize moja: je, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vya mradi wamepungua kuliko katika kata jirani isiyo na mradi? Jibu limo katika kadi za kliniki na rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya. Nauli ya ndege kutoka Ulaya inatosha kumlipa muuguzi mstaafu wa Arusha azisome, apande vihambani kuwapima upya watoto waliokosa mahudhurio, na arudi baada ya masika kuwapima tena.