Mwenye Kampuni Naye Ajilipe Mshahara
Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, 9 Desemba

 

Nimeitwa hapa kama muuguzi, na najua mlitegemea niseme habari za chanjo au presha. Leo nitasema habari za pesa ya kulelea mtoto. Mara nyingi nikipita Huanshi Zhonglu, pale chini ya jengo la Tianxiu, mama mmoja hunishika mkono: "Dada, sisi wenye kampuni zetu, kwa ajili ya mtoto hatupati chochote?" Kipo cha kupata. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumejifungia mlango wenyewe.

Nianze na kosa la nyumbani kwangu. Mwaka 2023 mtoto wetu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mume wangu alikuwa na kampuni yake ya kusafirisha mizigo, na kwenye vitabu mshahara wake ulikuwa sifuri. Kilichobaki mwisho wa mwaka kilichukuliwa kama gawio. Tulijiona wajanja. Kituo cha watoto tukakiona ghali, tukampeleka mtoto kwa bibi yake Morogoro. Alirudi akiwa na miaka minne. Aliniamkia vizuri, kwa adabu, kisha akaniuliza atarudi lini kwa mama. Sisemi kodi ndiyo iliyotutenganisha. Nasema tuliamua kabla ya kumaliza hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kampuni ya limitedi, mbele ya sheria, ni mtu mwingine. Pesa yake si yako mpaka ikulipe, na namna inavyokulipa ndiyo inayoamua haki yako. Hapa China, tangu 2022 mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu ana punguzo kwenye kodi ya mapato. Lilianza na yuan 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni yuan 2,000 kwa kila mtoto. Akifika miaka mitatu, linafuata punguzo la elimu, nalo ni yuan 2,000 kwa mwezi. Mgeni naye anaweza kulichukua, mradi awe mkaazi wa kodi, yaani awe amekaa China siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Nyinyi mnaopishana na ndege kila mwezi, hesabuni siku zenu.

Punguzo hili linakatwa kwenye mshahara. Gawio haliingii. Mshahara ukiwa sifuri, hakuna cha kupunguza, na usipolitumia mwaka huu halihamii mwaka ujao.

Chukueni mfano wa mshahara wa yuan 10,000 kwa mwezi, tukiacha pembeni michango ya hifadhi ya jamii. Kwa mwaka ni 120,000. Ondoa 60,000 ambazo kila mtu hatozwi. Zinabaki 60,000, na kodi yake ni yuan 3,480. Ondoa tena 24,000 za mtoto mmoja, zinabaki 36,000, na kodi inashuka hadi 1,080. Umeokoa yuan 2,400. Hazitoshi ada ya mwaka, lakini ni zako.

Sasa tahadhari tatu. Kwanza, anayelipwa mshahara awe na kibali cha kazi. Mama aliye hapa kwa kibali cha familia asiandikwe mfanyakazi ili kupata punguzo. Hana haja: mzazi mmoja anaweza kulichukua lote, au mgawane nusu kwa nusu. Pili, mshahara una gharama zake, maana tangu Oktoba 2011 wageni walioajiriwa nao wanatakiwa kuchangia hifadhi ya jamii. Kaeni na mhasibu kabla ya mwaka kwisha. Tatu, hesabu ya mwisho ya kodi hufanywa kati ya 1 Machi na 30 Juni. Usiposhughulika, hakuna atakayekufuata kukurudishia.

Kuna na ile ruzuku mpya ya malezi, yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu, iliyoanza kuhesabiwa 1 Januari 2025. Hiyo haiulizi kama una kampuni. Inauliza uraia wa mtoto, na ni kwa watoto raia wa China. Familia zetu za mchanganyiko zinahusika. Lakini China haitambui uraia pacha, kwa hiyo jambo la uraia likae kikao cha familia nzima. Msiliamue kwa sababu ya yuan 3,600.

Kama muuguzi naongeza hili. Kila kitu kinaanza na cheti cha kuzaliwa kinachotolewa hospitalini. Kabla hujatoka wodini, linganisha herufi za jina na pasipoti, moja baada ya nyingine. Kisha mtoto mgeni aliyezaliwa hapa aandikishwe polisi, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 60. Nimeona akina mama wanakumbuka siku ya 58, kitovu cha mtoto kimeshapona zamani.

Msidhani ni shida ya Guangzhou tu. Ndugu zetu walio Uingereza wanaeleza jambo lile lile. Kule England wazazi wanaofanya kazi hupewa saa za malezi bure, lakini lazima kila mmoja afikishe kipato fulani, na gawio halihesabiwi. Mkurugenzi anayejilipa kwa gawio peke yake anaweza kukosa, wakati mfanyakazi wake anapata.

Wanangu mliokaa mbele, wazazi wenu wanaamka mapema na kulala wamechoka kwa ajili yenu. Na nyinyi wazazi, kabla ya kukata tiketi ya mtoto kwenda kwa bibi, fungueni vitabu vya kampuni kwanza. Mkishapiga hesabu zote na bado ikabidi aende, aende kwa heri. Asiende kwa sababu hatukuuliza.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.